Wanaochelewa Kupanda

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Nikienda bombani naulizwa nilikwama wapi. Nikikaa kibarazani kwa Bibi nisukwe nywele, naulizwa kama ni kweli nilichimba reli. Basi nimeandika, someni mpokezane, kisha mniache. Habari za barua, mihuri na kupanga foleni ya tikiti nimeziruka, maana hizo zinanipandisha presha hata leo.

Kwa wale wasiojua: nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi katika ofisi moja mjini Nairobi inayoandika sera ya kilimo endelevu, yaani kilimo cha kula leo bila kuiua ardhi ya kesho. Mkubwa wangu, mtu wa tai na maneno mazito, alinituma upande wa Siaya nikajue kwa nini baadhi ya wakulima wa huko huchelewa kupanda hata mvua ikishanyesha. Jibu alikuwa nalo tayari. Alisema ni ukosefu wa elimu, mimi niende tu nikathibitishe. Na aliyetumwa ni mimi, Mwanaidi wa Majengo, ambaye shamba langu lote maishani lilikuwa dania ya Bibi kwenye kopo la mafuta.

Majengo hadi stesheni

Bibi alinifungia chapati na kachori za kutosha kijiji, akanisindikiza hadi barabara ya Landhies huku akinionya nisile kwa mtu nisiyemjua. Stesheni ilikuwa imefurika. Nusu ya mitaa ya Kaloleni na Makongeni ilikuwa pale na magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Nilipopata behewa langu nikakuta mama mmoja wa makamo amekaa kwangu dirishani, na pembeni yake, kwenye kiti, amekalisha furushi.

Nikamwomba aliweke furushi chini ili nami nikae. Akaniambia kwa upole kwamba hilo halikai chini. Nikamwambia basi mimi ndiye nikae chini? Mnanijua nikianza. Tukavutana kwa maneno mpaka treni ikatikisika, furushi likamwangukia mapajani, nami nikapata nusu kiti. Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mama Atieno wa Kaloleni, muuza mboga za sukuma wiki, na sikujua kwamba safari yangu yote itakuwa ni yake.

Ndani ya treni

Hasira zangu hazilali na njaa. Kabla hatujafika Limuru nilikuwa nimefungua kachori za Bibi, na Mama Atieno naye akatoa mayai ya kuchemsha. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikajinyoosha, nikamwambia ninashughulika na kilimo endelevu. Akatafuna yai lake taratibu, akafikiri.

"Hiyo endelevu inakaa shambani miezi mingapi?" akauliza.

Sikumwelewa. Akaendelea kuuliza kama inavumilia jua, na kama ndege wanaipenda. Ndipo nikafahamu kwamba anadhani endelevu ni mbegu mpya. Nilijaribu kumweleza, lakini mzee wa kiti cha nyuma alikuwa ameshasikia, naye akamwambia jirani yake kwamba kuna msichana wa ofisi amebeba mbegu. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Mmoja aliapa kwamba shemeji yake aliipanda endelevu kule Busia ikampita kimo.  Ofisini tulikuwa tumelitafutia neno lile maana miezi mizima, na behewa zima lilikuwa limekwisha kuipalilia na kuivuna.

Mama Atieno alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akaligusa furushi, akasema mbegu ya kweli iko humu, mahindi meupe na maharagwe, na ndiyo maana hayakai chini kukanyagwa na miguu ya watu. Nikamwuliza kwani nyumbani hakuna mbegu. Akasema zipo, ila ya kwanza kuingia ardhini lazima itoke mkononi mwake.

Hapo akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyomsikia. Yeye ni mke wa kwanza. Kwao, mke wa kwanza ndiye anayefungua upanzi. Akishapanda yeye ndipo apande mke wa pili, kisha wake za wana kwa kufuata ukubwa wa waume zao. Hata mvua inyeshe namna gani, wa chini hamtangulii wa juu. Mwaka huu mvua ilikuwa imewahi, na yeye alikuwa kitandani Kaloleni na malaria, hawezi hata kusimama. Halafu mtu kutoka nyumbani akamletea neno kwamba mke mwenziwe, aitwaye Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, anasema sokoni mbele za watu kwamba hatawaacha watoto wafe njaa wakimngoja mwanamke wa Nairobi.

Mimi, kwa akili yangu ya ofisini, nikasema mbona afadhali wapande tu, mvua haimngoji mtu.

Lo, ningejua ningejaza kachori mdomoni. Aliniangalia, akageukia dirisha. Aliposema tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wanaopanda bila mke wa kwanza ni wale waliomzika, nyathina," akasema. "Wakipanda kabla yangu, basi wamenizika. Nitafika nyumbani marehemu."

Nyathina ni mwanangu kwa lugha yake. Alikuwa amenikasirikia na bado ananiita mwanangu. Nililala nikiwa na aibu na nusu ya kiti.

Karibu na Londiani

Asubuhi tuliamka treni imesimama. Baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Mvua ilikuwa imemomonyoa kilima mbele yetu, udongo ukalala juu ya reli. Tukaambiwa tungoje watu waje kuuondoa, na hakuna aliyejua watakuja saa ngapi.

Mwanzo ilikuwa kama sherehe. Wanawake wa pale walileta viazi moto, maziwa na uji kwenye ndoo, tukanunulia madirishani. Nilinunua viazi vya kutosha na kumpelekea Mama Atieno, nikitaka suluhu. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikachungulia nje, nikamwona anatembea juu ya reli, furushi kichwani, peke yake kwenye ukungu, anaelekea Kisumu kwa miguu.

Nikaruka nikamkimbilia, viazi vinamwagika. Nikamwambia mama, Kisumu ni mbali, utaanguka njiani, juzi ulikuwa mgonjwa. Akasema reli inajua njia, haiwezi kumpoteza. Tukabishana tukitembea hadi tukafika penye udongo. Hapo hata yeye alisimama, maana ulikuwa mlima kwelikweli, umezifunika reli zote mbili. Palikuwa na wafanyakazi wachache wa reli wanachimba kwa sepetu. Mama Atieno akanikabidhi furushi, mara ya kwanza kuniamini nalo. Akalifungua upande mmoja, akachomoa jembe jipya lisilo na mpini, akapiga magoti, akaanza kuukwangua ule udongo kwa jembe tupu.

Wafanyakazi walimcheka kidogo. Kisha mmoja akavua koti. Abiria waliotufuata kuangalia wakaanza kushuka pale, mmoja na sahani, mwingine na kifuniko cha sufuria. Mzee aliyedhani ninauza mbegu alikuja na karai la mkewe. Walikuja hata wale wa behewa la mbele, waliokula kifungua kinywa kwa uma, wakakunja suruali. Mimi nililikumbatia furushi kwanza, kisha nikalifunga mgongoni kwa leso yangu kama mtoto, nikachota matope kwa mikono. Ndiyo, nilichimba reli. Hapo mpate jibu lenu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna aliyetuamuru wala aliyekuwa mkubwa. Watu mia na zaidi, kila mmoja na haraka yake, na wengi hawakujua kwamba wanachimba kwa sababu mama mmoja anaogopa kuzikwa. Adhuhuri ilipopita dereva alipiga honi, tukapiga vigelegele na matope hadi kwenye kope.

Kisumu

Tulifika jua linaelekea kutua, na basi la kwao lilikuwa limeshaondoka. Mama Atieno alitaka kuendelea kwa miguu, nikamshika mkono, nikamwambia safari hii hakuna reli ya kumwonyesha njia. Alikubali kwa sababu alikuwa bado hajapona sawasawa. Tukalala kwa binamu yake, tukala ngege, samaki wa ziwani, na ugali mgumu wa mtama. Mimi niliyezoea samaki wa nazi kwa Bibi nililamba sahani, na maneno ya Bibi kuhusu kula kwa nisiowajua nikayasahau.

Asubuhi, kwenye kituo cha mabasi, mama mmoja wa kuuza chai alinishika bega akaniuliza kama mimi ndiye yule wa endelevu, na kama zimebaki. Nikamwambia zimeisha. Ningefanya nini? Akasikitika, akaniomba nimwekee za mwakani.

Ndani ya basi Mama Atieno hakutaka chai wala hadithi. Kila shamba tulilopita alilichungulia. Wengi walikuwa wamepanda, mahindi yameshachomoza, mengine yamefika kwenye kifundo cha mguu. Kwangu mimi ulikuwa uzuri wa kushangaza, kijani baada ya kijani, vilima vinavukiza mvua, mtoto wa Majengo nimebandika pua kwenye kioo. Kwake kila jani lilikuwa habari mbaya. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo: kama hawa wamepanda na hawa wamepanda, je, njaa ya nyumbani imemngoja nani?

Barabara ya matope

Basi lilitushusha sokoni kwa sababu mbele hapapitiki. Tukavua viatu, furushi nikalifunga mgongoni tena. Tope jekundu lilitushika miguu, kila hatua lazima uibembeleze itoke. Mama Atieno alitangulia, na kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyopunguza mwendo. Nikadhani ni malaria imerudi. Tulipofika chini ya mwinuko mmoja mdogo akasimama, akaketi juu ya jiwe, akakipa kile kilima mgongo.

Akaniambia kwao ni ng'ambo ya pale. Nikamwambia basi mama tumefika, twende. Akatikisa kichwa.

"Nenda wewe uangalie," akasema. "Nyumba ina mabati mapya na mkuyu upande wa kushoto. Uniambie shamba lina nini."

 Nikapanda peke yangu. Juu nikaona bonde lote, kijani hadi macho yanapoishia. Katikati yake, kuzunguka ile nyumba ya mabati, palikuwa na ardhi tupu. Ilikuwa imelimwa na kusawazishwa, nyeusi kwa mvua, na haikuwa na hata jani moja. Ilikuwa kubwa, ekari baada ya ekari.

Sasa nieleweni mimi ni nani. Mimi ndiye niliyetumwa na ofisi kuitafuta ardhi ile ile. Nilichoona kwanza ni hasara. Mvua nzuri namna ile inapotea bure, na ndani ya nyumba zile kuna watoto.  Niliteremka nikiwa nimeinamisha uso, na kabla sijafungua mdomo Mama Atieno aliuona ule uso, akajifunika kanga kichwani, akaanza kulia kwa sauti ndogo, kilio cha msiba.

 Ndipo nikatambua anacholilia. Nikampigia magoti matopeni nikamtoa kanga usoni.

"Mama, hawajapanda. Shamba ni tupu. Hakuna hata jani."

Alinikazia macho kama anayetafuta uongo. Kisha akaniuliza mara ya pili, nami nikamjibu mara ya pili. Akainuka. Akalitwaa furushi kutoka mgongoni mwangu, akalipandisha kichwani, akapanda kile kilima kwa mbio. Mimi mwenye miaka yangu ishirini na ushei nilimfuata nikihema nyuma, na juu kabisa nikamkuta amesimama anaiangalia ile ardhi tupu, anacheka na machozi bado yanatiririka. Nikaiangalia tena pamoja naye, safari hii pole pole. Wallahi, sijawahi kuona kitu kizuri kama lile shamba lisilo na kitu.

Nyumbani

Nyar Ugenya alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba, jembe mkononi. Nilitarajia mwanamke mnene wa maneno. Alikuwa mwembamba kuliko wote, mikono imepasuka, na watoto waliomzunguka walikuwa na macho makubwa ya njaa. Maghala mawili niliyoyachungulia yalikuwa matupu. Mkaza mwana wake mmoja, aliyewahi kuishi mtaa wa Huruma huku Nairobi, alinitafsiria walivyosalimiana. Salamu ilikuwa fupi. Nyar Ugenya alimwambia mwenzake amechelewa, naye Mama Atieno akajibu kwamba mlima ulilala njiani.

Kisha Mama Atieno akamwuliza mbele ya wote kama ni kweli alisema sokoni kwamba hatamngoja.  Nyar Ugenya hakukwepa.

"Nilisema," akajibu. "Kila siku ya soko nilisema. Njaa ina mdomo. Lakini kupanda ni kwa mkono, na mkono wa kwanza ni wako."

Halafu akamwonyesha kwa jembe: kipande cha Mama Atieno ndicho alichokilima kwanza, akakipalilia magugu mara mbili wakati wanangoja, ndipo akalima chake. Mama Atieno akatua furushi chini. Ndiyo, chini, kwenye udongo wa nyumbani. Wakashikana mikono, wakabaki hivyo.

Mzee mwenye nyumba, mume wao, mtu mkimya aliyestaafu bandarini, aliingia kwa mke wake wa kwanza jioni hiyo, maana hilo nalo limo katika mila ya kufungua upanzi. Msiniulize zaidi, mimi mtoto wa watu nililala kwa mkaza mwana.

Kulipopambazuka wote walikuwa wamejipanga pembeni mwa shamba na majembe. Mama Atieno akaingia peke yake, akapiga shimo, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Akaenda mstari mmoja, akarudi wa pili, akasimama. Nyar Ugenya akaingia kwake. Kisha mke wa mwana mkubwa, kisha wa anayefuata. Halafu, kama bomba lililofunguliwa, watu wakamwagika kutoka nyumba zote, hata za ndugu wa Mzee ng'ambo ya kijito waliokuwa wanangoja zamu yao. Kilima kizima kilikuwa kinainama na kuinuka. Nilipewa kopo la maharagwe nikafuata nyuma ya Nyar Ugenya, mgongo ukanikatika, na sikutaka siku iishe. Kabla jua halijazama ardhi yote ilikuwa na mimba.

Kurudi

Nilikaa nao siku chache, nikauliza maswali ya ofisi na kujibiwa kwa uvumilivu. Siku ya kuondoka Mama Atieno alinisindikiza hadi sokoni. Nikamwuliza atarudi lini Kaloleni, wateja wake wa sukuma wamzoee nani. Akasema kibanda amemwachia binti yake, yeye harudi. Kuvuna nako kunamngoja yeye, na baada ya kuvuna kuna mvua nyingine.

"Watu wakishakungoja na njaa, nyathina," akasema, "huwezi kuwafanyia hivyo tena."

Treni ya kurudi haikukwama popote. Nilishuka Nairobi asubuhi, nikapita kwa Bibi kuoga, nikaenda moja kwa moja ofisini na tope la Siaya bado kwenye kucha. Mkubwa wangu alikuwa anarekebisha tai yake. Hakunikaribisha kiti. Akaniuliza haya, kwa nini wanachelewa kupanda, na nikaona kalamu yake iko tayari kuandika lile jibu alilokuwa nalo.

Nikamwambia wanamngoja mtu.

Akauliza mtu gani. Nikamsimulia: treni, udongo wa Londiani, jembe lisilo na mpini, jiwe chini ya kilima. Sikumficha njaa ya watoto wala maghala matupu, maana hayo nayo ni kweli. Alianza kwa kutabasamu kama anayesikiliza porojo. Nilipofika pale Mama Atieno alipoketi akakipa kilima mgongo, simu ya mezani ikalia, nikangoja aipokee. Hakuipokea. Iliita mpaka ikachoka. Alikuwa ameiweka kalamu mezani na kuvua miwani.

"Kisha?" akasema. "Aliwakuta wamepanda?"